Banda Lililoitwa Salongo

Hadi leo neno salongo likitajwa mbele yangu, damu inanichemka. Sisi tuliokaa mtaa wa Alunguli enzi za Chama kimoja tunalijua vizuri: kazi ya lazima ya kila Jumamosi, kufyeka barabara, kuzibua mitaro, kufagia ofisi za watu wasiofagia hata nyumba zao. Asiyetokea alilala mahabusu.

Jirani yangu Philomène hakukosa hata mara moja. Alikuwa mjane wa Edouard, dereva wa lori la kwenda Kalima. Edouard alipofariki, lori lilirudi kwa mwenyewe, mjane akabaki na garaji: fremu ya chuma iliyovikwa mabati ubavuni na juu. Mwingine angefugia mbuzi humo. Philomène aliingiza mashine ya kukoboa mpunga, akajifunza kuifungua na kuifunga mwenyewe, mikono ikinuka mafuta hata kanisani. Majina ya kanisa yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo kwenye kitambulisho aliandikwa Feza, lakini nje ya ofisi hakuna aliyemwita hivyo. Na alikuwa mtu wa mizaha, mizaha mingi mno. Ilinikera, na nilimpenda kwa hiyo hiyo.

Shida ni kwamba mashine ilijaza garaji nzima. Wakulima waliacha magunia yao nje chini ya turubai wakingoja zamu. Msimu mmoja wa mvua mpunga ulilowa hadi ukachipua ndani ya magunia, na wenyewe wakaanza kuvuka mto kwenda kukobolesha mtaa wa Kasuku. Philomène aliniambia wazi: mvua zikimkuta hivyo tena, mashine itakaa bure, naye na watoto wake watalala njaa.

Fundi Hamisi akakubali kumjengea banda la kuegemea ubavu wa garaji. Mbele nguzo, juu paa la mteremko, nyuma hakuna nguzo kabisa, ila ubao mmoja mrefu ulioshikwa kwenye fremu ya garaji. Philomène alitaka misumari, mambo yaishe. Hamisi akakataa katakata. Alisema ubao ule utabeba paa lote, kwa hiyo unataka bolti zinazopenya hadi ndani. Nati zinakazwa kutoka ndani ya garaji, na siku ukitaka kubadili bati lako unafungua tu. Walibishana asubuhi nzima, na mwenye garaji akashindwa.

Kuchimba na kunyanyua kulitaka watu. Kwetu ukihitaji watu unaita majirani, unapika, wanafanya kazi, wanakula. Philomène alipita nyumba kwa nyumba akituambia tuje Alhamisi.

"Mukuje kwangu tufanye salongo," alisema huku akicheka. "Lakini salongo ya kwangu munakula."

Tulicheka sana. Basi mzaha ule ukazunguka mtaa mzima, kila mtu akawa anasema anakwenda salongo ya Philomène. Tulikwenda, tukachimba, tukanyanyua, tukala wali na sombe ya majani ya muhogo, na jioni banda lilikuwa limesimama.

Kesho yake akaja Tambwe, mkuu wa mtaa na mtu wa Chama, kola ya koti imembana shingo. Alilizunguka banda, akalisifu, akamwita Sitwayene Feza, yaani raia Feza, kama Chama kilivyotaka, kisha akauliza ni nani waliolijenga. Philomène hakuhisi mtego. Akamjibu kwa mzaha ule ule kwamba ni salongo.

"Basi," alisema Tambwe. "Kitu salongo inajenga iko ya raia. Tutaweka ngoma na benchi za wachezaji wa Chama."

"Sitwayen, nilisema kwa mucheko."

"Neno ya Chama haina mucheko."

Zikaletwa ngoma na benchi. Philomène akakatazwa kuweka hata gunia moja. Mvua ya kwanza ikanyesha, na mpunga wa watu ukalowa chini ya turubai, pembeni kabisa ya ngoma kavu. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Mbao zake, mabati yake, wali wake tumboni mwetu, na sasa ngoma ndizo zenye nyumba.

Jumamosi tulipangwa na majembe yetu kwenye barabara ya mbele ya garaji, wachezaji wakatoa ngoma zao kwenda kupiga kwenye bendera. Chini ya banda palipobaki bila mtu, Philomène aliingia garajini, akafunga mlango. Tukasikia spana ikizunguka, halafu nyundo ikizigonga bolti zitoke kwenye fremu. Kisha ubao wa nyuma ukaachia, paa lote likaanguka chini, nguzo zikalala mbele.

Tambwe akaja mbio akisema mali ya raia imevunjwa. Philomène akatoka, nati zimefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Banda yenu sikuigusa," alisema. "Nimefungua nati zangu, ndani ya garaji yangu. Chama iko mukubwa, itafute mugongo yake ya kuegemea."

Walimtia mahabusu, na alipotoka wakamlazimisha kufagia ofisi ya Tambwe hadi Tambwe mwenyewe alipochoka kumtazama. Nguzo na mabati vilibebwa kwenda huko huko ofisini. Aliporudi kwetu, Philomène alikuwa hasemi mzaha. Unamsalimia, anakujibu, basi. Mabati ningeweza kuyasahau. Kuunyamazisha mdomo ule sitawasamehe, na wasinitarajie.

Ila nati hawakuzipata, na ubao mrefu waliuacha pale pale na bolti zake. Siku moja Hamisi akatokea na nguzo mpya kutoka msituni, na mapipa ya mafuta aliyoyapasua na kuyanyoosha yakawa mabati. Hakuita mtu. Tulimwona, tukaja mmoja mmoja, tukachimba mashimo yale yale. Hakuna aliyepika, hakuna aliyeimba. Philomène aliingia ndani ya garaji na spana yake.

Tambwe akapita, akasimama. Akauliza kazi hii inaitwa nini. Tukaendelea kuushikilia ubao. Akauliza tena, kwa sauti zaidi, na jibu likatoka nyuma ya bati, katikati ya mlio wa spana.

"Haina jina, sitwayen."

Alisimama pale muda mrefu, akingoja mmoja wetu acheke. Hakuna aliyecheka.