Siku Niliyoiambia Bunduki Pole

Jamani, mimi nimeaibika. Niseme mwenyewe kabla hamjaletewa ile video (na najua wengine wenu mnayo, acheni kujifanya mnatazama pembeni): yule mzee aliyeinama mbele ya mgeni wa heshima pale Embu akaanza kuipa bunduki pole ni mimi, Mutuma wa Muthara, baba wa watoto watatu, mtu mwenye akili zake, na siku hiyo nilikuwa sijatafuna hata kijiti kimoja cha miraa.

Kwa wasionijua, mimi ni askari wa akiba. Maana yake mimi ni mkulima tu kama nyinyi, ila serikali imenipa bunduki na kadi, na kila baada ya wiki mbili tunateremka kundi zima kwenda kule tambarare, upande wa Isiolo, kuwatafuta wezi wa ng'ombe kabla wao hawajatutafuta sisi. Bunduki niliyokuwa nayo niliachiwa na kaka yangu mkubwa, Kobia. Yeye ndiye aliyekuwa askari wa akiba kwanza, na wezi walimpiga risasi kule chini, kwenye mti mmoja wa mgunga kando ya mto mkavu, tukamkuta ameilalia bunduki yake ili wasiichukue. Tulipomaliza kumzika nyumbani, afande wa wakati huo akaniuliza kama ningependa kushika nafasi yake, na mimi nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Basi miaka yote hiyo, doria ikipita kwenye ule mgunga, wenzangu hunipa dakika tano. Nakaa chini, naweka bunduki magotini, nampa Kobia habari za nyumbani: nani ameoa, ng'ombe gani amezaa, mvua imenyesha au imetudanganya. Kaburi lake liko nyumbani, ndiyo, na huwa nalipalilia, lakini pale kaburini simsikii, namsikia kule alikoangukia. Na kule huwezi kwenda hivi hivi. Ukipita shamba la mwisho la miraa bila bunduki na kadi unarudishwa, hata kama unamfuata mbuzi wako mwenyewe. Kwa hiyo wengine wakisema bunduki ni kazi, mimi kwangu bunduki ndiyo ilikuwa ruhusa ya kwenda kumwona kaka yangu.

Sasa, mwaka uliopita tukaanza kusikia kwamba bunduki za zamani zinaondolewa, inakuja mpya, nyepesi, inayoundwa hapa hapa nchini. Hatukuamini mpaka maofisa walipotuletea tano za majaribio pale Muthara. Kitu chenyewe kilikuwa kifupi, cheusi, kitako kinakunjwa kama mguu wa kiti cha plastiki, na ukikibeba unageuka kutazama kama bado kiko. Tukaambiwa tuzitese. Tukaziburuta kwenye vumbi, tukazitia matopeni, tukalala nazo vichakani siku tatu, na tulipozipigia shabaha zikalia bila kukwama, wakati ile yangu ya zamani ilikwama mara mbili siku hiyo hiyo (nikasema ni mafua, watu wakacheka). Halafu tukapewa karatasi za kuandika kasoro. Mimi nikaandika kasoro mbili. Ya kwanza, ni nyepesi mno. Ya pili, ile pete ya kufungia mkanda ni pana, inakwaruza mkono. Ofisa akaisoma ya kwanza kwa sauti, watu wakavunjika mbavu, lakini ya pili akaipigia mstari, akasema, "Hii ni point ya maana, mzee. Hii itarekebishwa." Na ikarekebishwa kweli, ndiyo maana nasema haya yote nilijitakia mwenyewe.

Mwaka huu tukaitwa Embu, mafunzo ya wiki moja, unaingia na ya zamani unatoka na mpya, na mwishoni kuna gwaride mbele ya mgeni wa heshima. Atakayeshindwa anarudisha kadi. Tulipakiwa kwenye lori la serikali, mimi nimeikumbatia bunduki ya Kobia njia nzima, Baariu jirani yangu ananiuliza kama namsindikiza bibi harusi. Tulipofika, tukapanga foleni ya kuzirudisha. Mtunza silaha alisoma namba, akatia alama kwenye daftari, akaitupa ile bunduki juu ya rundo kama kuni. Kama kuni, nawaambia! Nilisikia ikigonga nyingine, nikatoka pale nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka macho yakauke.

Lakini kabla ya kuirudisha nilikuwa nimefungua mkanda wake nikautia mfukoni. Walitaka bunduki na magazini, mkanda hakuna aliyeuliza. Ule mkanda Kobia aliukata mwenyewe kwenye ngozi ya fahali wake, akaulainisha kwa mafuta ya kondoo, na mahali pa bega umeshika umbo la bega. Lake kwanza, halafu langu. Na huo ndio uamuzi mdogo ulioniua: asubuhi ya gwaride, baada ya uji, nikaamua kuufunga kwenye bunduki mpya. Mkanda wa serikali nikauweka chini ya godoro.

Mkanda ukakataa kuingia. Pete ilikuwa imefanywa nyembamba (nani aliandika kwamba ni pana? Mimi!), na ngozi ya Kobia ni pana kama kiganja. Mtu mwingine angeacha. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, palikuwa na migomba, nikachuna kamba kwenye shina, nikapitisha kamba ile kwenye pete na kwenye tundu la mkanda, nikafunga lile fundo tunalofungia mabunda ya miraa. Mnajua tena, fundo hilo nimelifunga tangu sijaota meno ya ukubwani, naweza kulifunga nikiwa usingizini. Nikalivuta kwa nguvu zote, likashika, nikaridhika, nikatoka kifua mbele.

Nilichosahau ni jambo moja tu, jambo ambalo kila mtu wa kwetu Tigania analijua. Kamba ya mgomba ikiwa mbichi inashika vizuri sana, lakini ikikauka inakatika. Miraa yetu haina shida hiyo kwa sababu inakimbizwa sokoni ikiwa na unyevu wake, lakini mgeni wa heshima hakimbii. Aliyetakiwa kufika saa tatu alifika saa sita na nusu. Muda wote huo tumesimama uwanjani, jua linatuwakia utosini, na kamba yangu begani inakauka polepole, na mimi nimetulia, namwambia Kobia kimoyomoyo, unaona, bado tuko pamoja.

Mgeni alipofika alikuwa mtu wa kupenda watu. Alishika maikrofoni isiyo na waya akapita mistarini akisalimia, huku sauti yake inatoka kwenye spika kubwa uwanja mzima. Akafika kwangu akasimama. Nadhani ni hizi mvi.

"Mzee, wewe umebeba ile ya zamani miaka mingi. Hii mpya unaionaje?"

Nikaona nisijibu tu kwa mdomo. Nikampa heshima ya silaha, ile yetu ya zamani, unainyanyua, unaishusha, unaipiga kofi la kitako mpaka isikike. Pa! Na kamba ikakatika. Bunduki ikaniponyoka ikamgonga mgeni kwenye ncha ya kiatu, kiatu kinachong'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu, halafu ikaanguka kwenye saruji kwa kishindo. Mlinzi wake akamrukia akamlaza chini. Mstari wangu wa mbele, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa wiki nzima kwamba ukisikia kishindo unalala, ukalala. Wa pili ukalala, wa tatu ukalala. Bendi ya shule ikakatiza wimbo katikati, likabaki tarumbeta moja linalia peke yake, halafu nalo likakoma. Kwenye jukwaa watu walikuwa chini ya viti. Uwanja mzima aliyesimama ni mimi.

Sheria ya gwaride inasema ukiangusha silaha usiiguse, unasubiri amri. Naijua sheria hiyo kuliko jina langu. Lakini nilipoiona pale chini, imelala kifudifudi na ule mkanda umejikunja ubavuni mwake, mimi sikuiona bunduki. Nilimwona Kobia jinsi tulivyomkuta. Nikapiga magoti, nikaiokota, nikaipangusa vumbi, nikasema, "Pole, Kobia. Umeumia?"

Maikrofoni ilikuwa imeanguka karibu na goti langu, na ilikuwa bado inafanya kazi. Spika zote nne zikauliza uwanja mzima kama Kobia ameumia. Halafu, kutoka mstari wa tatu, akiwa bado amelala chini, Baariu akacheka, na akicheka Baariu hakuna anayeweza kujizuia, hata mgeni mwenyewe nilimwona akicheka akiwa chini ya mlinzi wake.

Asiyecheka alikuwa Afande Wanja, mkuu wa mafunzo yetu, mama mmoja wa Mbeere asiyepandisha sauti. Aliniita ofisini, akaweka ule mkanda mezani, akakigusa kile kipande cha kamba kwa ncha ya kalamu.

"Mzee Mutuma. Silaha ya serikali unaifunga na kamba ya migomba?"

"Ilikuwa mbichi asubuhi, afande."

Akanitazama. "Kobia ni nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mgunga, dakika tano, ile bunduki iliyotupwa kama kuni, na nikamwomba, kwa heshima, asinichukulie kadi, kwa sababu bila kadi siwezi kufika kule. Sikuona aibu kumwomba mtu ambaye angeweza kuwa binti yangu. Aliizungusha ile kalamu mezani.

"Baba, nakuskia. Kila mtu kwa hii kambi ako na Kobia wake," akasema. "Hata mimi niko na wangu. Lakini leo hiyo kitu haikuwa na risasi. Ikianguka huko chini ikiwa nayo, utatuletea Kobia mwingine, na mimi ndiyo nitaenda kuambia mama yake. Leta kadi. Ukitaka kurudi, kuja mafunzo ingine, uanze mwanzo na hao wengine."

Alisema kweli. Nikampa kadi. Mkanda akanirudishia mwenyewe, ameukunja vizuri.

Njia ya kurudi sitaki kuieleza sana. Tuliposimama Nkubu kunywa chai, mama wa hotelini alinitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena, akanimiminia kikombe akasema, "Pole Kobia, hii ni ya bure." Muthara nako salamu zikabadilika, hakuna tena habari ya asubuhi, ni "Pole Kobia" kutoka dukani mpaka kanisani. Nyumbani mke wangu, Mama Kawira, hakunitania. Alitazama bega langu lisilo na kitu, akasema, "Hata mimi nilikuwa nimeizoea hapo nyuma ya mlango," akaingia jikoni, na nikamsikia akipenga kamasi.

Siku ya doria ilipofika nikawasindikiza wenzangu. Nilifika mpaka shamba la mwisho la miraa, pale ardhi inapoanza kushuka, unaona tambarare yote mpaka inapotea kwenye ukungu wa joto. Wakapita, mimi nikabaki. Sikuwaambia wamsalimie, ingawa nilitaka. Niliwatazama mpaka wakawa wadogo kama siafu, halafu nikatazama mahali walipokuwa. Jamani, namkosa kaka yangu. Miaka yote hii nilidhani nimezoea, kumbe nilikuwa naenda kumwona tu.

Kesho yake alasiri wakarudi. Baariu hakwenda kwake kwanza, alikuja kwangu na vumbi lake, akaketi kwenye gogo, akaomba maji.

"Tulikaa pale," akasema.

"Wapi?"

"Wewe unajua wapi. Tulimwambia umebaki."

"Mkamwambia na sababu?"

"Ii, yote. Mpaka kiatu ya mkubwa. Mpaka hiyo tarumbeta."

"Mkacheka."

"Tulicheka, bana." Akanywa maji yote, akageuza kikombe juu chini akakitazama. "Mutuma, tulicheka mpaka tukanyamaza. Hakuna mtu aliongea tena mpaka tukafika kwa shamba ya miraa."

Basi nimeapa. Mafunzo yakitangazwa tena nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, nitasimama na vijana wenye umri wa binti zangu, nitafundishwa upya kusimama na kulala, na bunduki watakayonipa nitaibeba jinsi ilivyotoka kiwandani, bila kuongeza uzi, na sitaipa jina. Mnicheke mkitaka. Nataka tu kufika kule mwenyewe, kwa sababu Mama Kawira anasema Kawira wetu ana mimba, na habari kama hiyo siwezi kumtuma Baariu.