Risasi Iliyomwangukia Ndila

Kiilu wa Ndambuki alijifunza udereva jeshini, Burma, akibeba vyakula na majeruhi katika njia za matope. Aliporudi nyumbani Ngoliba hakuweza tena kushika jembe, mikono ilikuwa imeshazoea usukani. Mhindi mmoja wa Thika mwenye malori akamwandika kazi, naye akahamia Majengo na mkewe Ndila. Kazi yake ilikuwa kutoa magunia ya kahawa katika mashamba ya Ruiru na kuyapeleka kwenye kinu cha Thika. Ilikuwa kazi ya heshima. Watoto wa mtaa walimjua kwa honi yake, na watu wazima walimwamkia kwa jina.

Kisha Imajensi ikaingia, ile hali ya hatari ya serikali dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau wa msituni. Madereva Wakikuyu wakakamatwa au wakazuiwa kusafiri, na wale waliobaki, Wakamba kama yeye, wakawa wanafanya kazi ya watu wengi. Kila alfajiri Kiilu alijipapasa mfukoni kuhakikisha kipande, kitambulisho chake, kipo, kisha akakipapasa tena alipofika getini. Kila mzungu wa shamba sasa alitembea na bastola kiunoni, dukani, kanisani, hata kwenye gari lake. Na kila mtu mweusi alijua sheria mpya: ukipatikana na bunduki, au hata risasi moja tu bila bunduki, ni kamba ya shingo. Watu walikuwa wamenyongwa kwa hilo. Kiilu hakupenda kulizungumza, lakini usiku wa manane Ndila alimsikia akigeukageuka kitandani.

Siku ya mkasa wenyewe, mwaka wa hamsini na nne, Ndila alikuwa Ruiru kwa dada yake Mwongeli aliyejifungua. Kiilu alipomaliza kupakia kahawa alimpitia, akampandisha mbele, pamoja na mtoto wao Nzau aliyekuwa bado ananyonya. Jua lilikuwa kali. Lori lilikuwa kuukuu, na rejeta yake, tangi la maji ya kupoza injini, ilichemka kila lilipopanda mlima na mzigo.

Walikuwa wameipita Juja kidogo waliposikia honi nyuma yao. Kiilu alitazama kwenye kioo. Gari dogo la kijani lilikuwa limewakaribia mno, likiyumba huku na huku kutafuta nafasi. Alimtambua mwenyewe mara moja, mzungu wa shamba mojawapo la kahawa. Wafanyakazi wa mashamba walimwita Kihara kwa ajili ya upara wake, na walimwogopa kwa hasira zake za ghafla.

"Baba Nzau, mpishe," Ndila alisema.

"Nimpishe wapi?"

Kweli hapakuwa na nafasi. Lami ilikuwa nyembamba kama mkanda. Upande wa kulia ulikuwa mtaro, na upande wa kushoto, pembezoni kabisa mwa barabara, wanawake walikuwa wakitembea mstari mmoja, migongo imeinama chini ya mizigo ya kuni, kamba zimewakaza vipajini. Kiilu angevuta usukani kushoto, angewafagia. Honi ililia bila kukoma. Jasho lilimtoka kwapani. Alikaza mikono, akaenda vilevile mpaka alipompita mwanamke wa mwisho, ndipo akashuka kwenye vumbi kumwachia mzungu njia.

Gari la kijani likapita kwa kishindo, halafu likakata mbele yake na kusimama kimshazari katikati ya barabara. Kiilu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Magunia yakaguna nyuma. Lori likasimama karibu kuligusa lile gari.

Kihara alikuwa ameshatoka. Alikuja mbio, uso mwekundu hadi upara, akapanda kwenye bati la mlangoni na kuingiza mkono dirishani. Bastola ilikuwa mkononi.

"Wewe hapana sikia honi? Wewe masikio nakufa?"

"Nimesikia, bwana. Kulikuwa na wanawake njiani, bwana."

"Nyamaza! Wewe nataka mimi nakufa barabarani! Wewe Mau Mau!"

"Hapana, bwana. Mimi Mkamba, bwana. Kipande hiki hapa."

Alikosea kutaja kipande, kwa sababu mkono wake ulianza kwenda mfukoni. Mzungu alipiga ukelele, akavuta chuma cha juu ya bastola kwa nguvu, kach! kisha akamwekea mdomo wa bastola chini ya sikio. Ulikuwa wa baridi. Kiilu aliinua mikono, akatazama mbele. Alichokuwa akikiona ni vumbi likishuka polepole juu ya gari la kijani. Alimsikia mtoto akianza kulia, na mkewe akimwambia, "Ss, ss," kwa sauti isiyokuwa yake.

Alikaa hivyo kwa muda ambao hakuweza kuupima. Mkono wa yule mtu ulikuwa unatetemeka, na jambo hilo ndilo lililomtisha Kiilu kuliko matusi. Kidole kinachotetemeka huweza kuvuta bila mwenyewe kuamua. Mwishowe Kihara akatema mate barabarani.

"Mimi nangoja wewe kwa askari. Leo nakula kiboko."

Akashuka, akaingia garini, akaondoka kwa kasi.

Kiilu alilitia lori gia mara kadhaa kabla halijakubali. Walikwenda kitambo. Ndipo Ndila akasema, bila kugeuza uso:

"Baba Nzau, usisimame. Sikiliza tu. Alipovuta kile chuma, kuna kitu kiliruka. Kimepiga kioo, kikaniangukia mapajani."

"Kitu gani?"

Alifungua kiganja kidogo tu, chini ya leso ya mtoto. Kiilu alitupa jicho. Risasi. Nzima, ya shaba, inang'aa kama kitu cha kununuliwa dukani. Bastola ilikuwa na risasi tayari ndani yake, na yule mtu kwa wazimu wake aliivuta tena, ikaitema ile ya kwanza.

"Itupe!"

"Niitupe wapi? Angalia."

Kando ya barabara, pande zote mbili, kulikuwa na kundi la watu wakichimba mtaro, na askari wa akiba wenye mikuki na bunduki wakiwasimamia. Macho yote yalikuwa kwenye lori. Mkono wa mtu ukitupa kitu dirishani hapo, wangesema ni chakula cha watu wa msituni, au kitu kibaya zaidi.

"Hata wasipoona," Ndila alisema, "ikiokotwa hapa jioni, hawa wote watalala kwenye waya wa kambi ya kizuizini. Mimi siwezi."

Mbele, bonde la mto Ndarugu lilianza kushuka, na kabla ya daraja kilionekana kizuizi: mapipa, mti mmoja mrefu uliolazwa kukata barabara, na gari la kijani limeegeshwa pembeni. Kihara alikuwa anaongea na ofisa mmoja kijana, mzungu mwenzake, akipunga mikono. Askari mmoja wa polisi alijitokeza barabarani akainua kiganja.

Kiilu alihisi kama mtu anayesukumwa ukingoni. Watampekua. Watampekua Ndila, na mtoto, na kila gunia. Macho yake yalitua kwenye pua ya lori. Mvuke mweupe ulikuwa unatoka chini ya kifuniko cha rejeta.

"Nipe," alisema. Aliokota kitambaa chenye mafuta alichozoea kufungulia rejeta, Ndila akaisukumia risasi ndani yake, vidole vyao vikagusana. Vya mkewe vilikuwa vya barafu.

"Shuka! Wote!" askari alisema. Alikuwa Mkamba, mtu wa makamo aliyechoka na jua.

"Mzee, gari inachemka," Kiilu alimwambia kwa Kikamba, akijitahidi sauti isipande. "Nikizima hivi itapasua injini, na mzigo ni wa watu. Niruhusu nitie maji kwanza."

Askari aliutazama mvuke. Akamtazama ofisa aliyekuwa bado anamsikiliza Kihara. "Haraka."

Kiilu alichukua debe la maji. Alifunika kifuniko kwa kitambaa, akakizungusha. Mvuke uliruka kwa kelele na kumchoma mkono, naye akashukuru kuchomwa, maana kulimpa sababu ya kuutikisa na kuulegeza mkono. Risasi ikatumbukia kwenye mdomo wa rejeta. Aliisikia ikigonga bati ndani, tik. Askari hakugeuka. Kiilu akamimina maji juu yake mpaka yakafurika, akafunga.

Walipekuliwa. Kiilu alivuliwa viatu na shati. Mwanamke mmoja aliletwa kumpapasa Ndila, akafungua hata nepi ya mtoto. Magunia yakachomwa kwa chuma kirefu. Hapakuwa na kitu. Kihara alidai dereva achapwe viboko, lakini ofisa yule kijana aliuliza tu kama lori lilimgonga, na aliposikia halikumgonga, alionekana kuchoka. Alimwambia Kihara, kwa upole, kwamba bastola isichezewe barabarani, akamwomba aiangalie kama iko salama.

Hapo Kiilu alimwona Kihara akitoa kikasha cha risasi ndani ya bastola na kukitazama. Alikitazama muda mrefu kidogo. Kisha akainua macho, yakaja moja kwa moja kwa Kiilu, na wekundu wote ukamwondoka usoni.

Akakirudisha kikasha mahali pake, akamwambia ofisa kwamba bastola iko salama. Mzungu aliyepoteza risasi naye alikuwa na kesi, kila mtu alilijua hilo, hata kama kesi yake haikuwa ya kamba.

Safari ya kutoka Ndarugu hadi Thika ni fupi, ila Kiilu aliiendesha kama aliyebeba mayai. Kila rejeta ilipounguruma aliwaza maji yanayochemka na baruti. Ndila alikaa amemkumbatia mtoto, mgongo ukiwa umebanwa kwenye kiti, mbali na injini kadiri alivyoweza. "Ikilipuka?" aliuliza. "Haitalipuka," Kiilu alijibu, asijue kama ni kweli.

Alipakua kahawa, akamshusha Ndila Majengo, akalirudisha lori uani kwa tajiri wake. Jua lilikuwa bado halijatua aliposikia gari likisimama langoni. Lilikuwa la kijani.

Safari hii Kihara hakukimbia. Alikuja akiwa ameshika kofia mkononi, akatazama huku na huku.

"Dereva," alisema kwa sauti ya chini. "Kitu yangu. Wewe napata?"

"Kitu gani, bwana?"

"Wewe najua. Mimi hapana kasirika. Wewe napa mimi, kwisha."

Mtu huyu alikuwa anaogopa. Kwa kitambo kidogo alitaka kumpa, waachane, kila mmoja alale. Rejeta ilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Lakini kusema "ninayo" ni kusema yote, na nani angejua kama ofisa hakuwa amesimama nje ya lango akisikiliza?

"Mimi sijaona kitu, bwana. Walinipekua, bwana. Uliona."

"Tafadhali," Kihara alisema.

Kiilu hakuwahi kuambiwa neno hilo na mzungu. Lilimtia hofu zaidi.

"Sijaona, bwana."

Yule mtu akavaa kofia na kuondoka. Kiilu alisubiri hadi mlio wa gari ukapotea. Alifungua rejeta, akachokoa kwa waya hadi vidole vikachubuka, akaitoa risasi, akaipeleka chooni uani na kuitupa shimoni.

Kwa miezi mingi baadaye alisubiri mtu aje. Kila buti likipita mlangoni usiku, Ndila alikaa kitandani akamshika mtoto. Hakuna aliyekuja. Mwishowe Kiilu alimwomba tajiri wake ampe njia ya Ngoliba, akabebe mkonge katika vumbi ambako magari madogo ni machache. Wenzake walimcheka, wakasema amezeeka mapema. Hakuwaeleza.

Ndila hakupanda tena mbele ya lori. Alipotaka kumwona Mwongeli alikwenda Ruiru kwa gari la moshi, akasimama dirishani na Nzau, na kila lilipovuka Ndarugu alimfunika mtoto macho, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona ila maji ya kahawia na wanawake wakifua nguo.