Akiba Alizozikusanya Veridiana

Veridiana alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na kambini mtoto hufundishwa mapema kwamba mali iliyotawanyika ni mali iliyopotea. Chako kiwe katika furushi moja. Siku ya kuondoka hakuna atakayekungoja. Marekani aliendelea kuishi hivyo. Akiba ya kustaafu iliyobaki kwenye ghala alilofanyia kazi South End, Louisville, na ile ya hospitali ya Columbus, alizihamishia zote katika akaunti yake moja ya kustaafu alipofika Buffalo, ile ya kawaida ambayo fedha hukatwa kodi zinapotolewa. Alijiona mwerevu.

Sasa ni muuguzi mkuu, na mumewe Adriano ana malori. Kipato chao kimevuka kiwango ambacho sheria inaruhusu kuweka fedha moja kwa moja katika akaunti ya Roth, ile ambayo fedha huingia zikiwa zimekwisha kukatwa kodi, hukua, na hutolewa uzeeni bila kodi. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo imeacha mlango wa nyuma: unaweka fedha zilizokatwa kodi katika akaunti ya kawaida, unazihamishia Roth, na unaiarifu serikali. Mwaka ukigeuka, unarudia. Veridiana alifanya hivyo mwezi wa Machi, akamshukuru Mungu.

Desemba, mdogo wake Isaro, mhasibu huko Hilliard, alimpigia simu.

"Dada, ile akaunti ya kawaida imebaki tupu?"

"Tupu vipi? Si ndimo zilimo akiba zangu zote za zamani!"

"Yesu wangu."

Isaro alimweleza taratibu. Serikali haiulizi ni dola zipi ulizohamisha. Huzitazama akaunti zako zote za kawaida, mwisho wa Desemba, kama chungu kimoja. "Uji ukishatiwa chumvi, utachota wapi usio na chumvi? Za zamani hazijakatwa kodi. Kwa hiyo karibu zote ulizohamisha zitatozwa. Na mwakani vivyo hivyo."

"Watasema nimedanganya?" Kambini, kwenye mahojiano ya kuhamia Marekani, jibu moja lisilolingana na la jana lilitosha kuiondoa familia nzima katika safari.

"Hakuna atakayekurudisha Mtabila, dada. Ni kodi tu. Tena kuna njia: mpango wa akiba wa hospitali yako ukikubali, hamishia huko zile za zamani kabla mwaka haujakatika. Huo haumo katika chungu."

Mpango ulikubali. Lakini hundi ya fedha hizo ilipaswa kwanza kuja kwa posta hadi nyumbani kwao West Side, na theluji ikafunga barabara. Veridiana hakubanduka dirishani.

"Mimi nikiwa safarini hunisubiri hivyo," Adriano alimchokoza.

"Baba Nadine, wewe ukichelewa hawanitozi kodi."

Alicheka peke yake, kisha akageukia tena dirisha.

Hundi ilifika, akaituma siku ile ile kwa posta ya haraka. Mwaka ukiwa ukingoni, mpango ukajibu kwamba fedha zimepokelewa. Akaunti ya kawaida ikasomeka sifuri, na Adriano akapiga vigelegele kama mwanamke arusini.

Januari Isaro akapiga tena. "Haya, tuanze ya mwaka huu. Umeshaweka?"

"Nimeweka."

"Basi hamisha. Ila uniambie kwanza: huna akaunti nyingine ya kawaida popote?"

Veridiana alikuwa na hakika. Karibu hakika. Akaanza kukumbuka kila karatasi ya benki aliyowahi kutia sahihi tangu afike Marekani.

"Tungoje hadi kesho," akasema.