Shairi kwenye kaburi la Mama Neema

Leo hapa Nyasubi tumemzika mshairi, na hakuna aliyetamka neno hilo.

Mama Neema, rafiki yangu. Harusi gani Kahama haikusomewa mashairi yake?

Shemeji yake akasoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, ndoa, watoto, biashara ya dagaa. Basi.

Nikajisemea, labda wamesahau.

Mara MC akashika maiki: "Sasa tumuage kwa shairi la wahenga."

Jamani! Shairi lenyewe ni lake! Alilitunga mbele yangu, huku anapima dagaa.

Nikapaza sauti: "Hilo ni la marehemu!"

Shemeji akanishika mkono. "Pole dada, ni uchungu huo."

MC akalisoma mpaka mwisho. Watu wakalia, hata shemeji.

Kisha wakamfukia.

Nyie mngenyamaza?