Nimeshiba

Miaka ya ruksa, kila mtu alipoanza kuuza alichokipata, nilitoka Tanga na marobota mawili ya mitumba nikapanga chumba Bariadi. Sikuwa na ndugu pale, wala mtu wa kuniuliza nimeamkaje.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kisukuma, alikuwa akila chakula chake nje, ng'ambo ya ua wa minyaa. Jioni yangu ya kwanza aliniona nikipita, akanisalimu kwa kwao.

"Mwadila, mama. Njoo tule."

"Ahsante, nimeshiba," nikajibu, na tumbo halina kitu tangu asubuhi.

Ndivyo nilivyofunzwa kwetu. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, ya pili unatazama chini, ya tatu unavutwa mkono, ndipo unakaa. Anayekubali upesi ni mlafi, hakulelewa. Basi nikasimama pale nikiingoja ya pili.

"Haya," akasema, akaendelea kula.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Siku ya nne hakuniita tena. Nilikasirika mno. Watu gani hawa, hata kubembeleza hawajui! Nikawa nafunga mlango na kula wali wangu kitandani, mimi na redio. Msimu mzima wa pamba ukapita hivyo. Upweke ulinila hasa, mpaka nikaanza kufunga mizigo nirudi kwetu.

Ndipo mteja mmoja, akipekua magauni, akaniuliza, "Ni wewe usiyekula kwa watu? Yule bibi anasema unamwogopa, unadhani atakuwekea kitu."

Sumu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni ile sikungoja kuitwa. Nilizunguka ua, nikaamkia, nikanawa mikono, nikaketi. Kulikuwa na ugali wa mtama na mlenda. Bibi alimega tonge upande wangu wa sahani, akachovya, akalila taratibu huku akinitazama, ili nione kwamba hakuna kitu. Kisha akanisogezea sahani. Lile liliniuma kuliko miezi yote ya kula peke yangu.

"Bibi, sijakuogopa hata siku moja," nikasema, machozi yakinitoka. "Nilikuwa nangoja uniite tena."

Akashangaa kweli.

"Nikuite tena kwa nini? Si ulisema umeshiba?"