Chini ya Meza ya Inspekta

Ule mchezo wa Inspekta na Sajini wameurudisha kwenye televisheni. Jirani anaufungulia sauti mpaka ukuta wangu unatetemeka kwa vicheko. Watoto wake wananiita, "Babu, njoo uone, wale wawili wanagombana tena!" Siendi. Wao wanaona meza, kitambaa cheupe na kuku anayeng'aa. Mimi najua nani alikuwa chini ya ile meza. Alikuwa mke wangu, ameshika ndoo.

Nimemzika majuzi. Waliokuja kunipa pole walimsifu kwa upishi. Sehemu kubwa ya maisha yake alipika chakula ambacho mtu akikila analazwa.

Kazi aliipata kupitia kwangu. Nilikuwa mbeba meza na viti kwenye lile jumba walikorekodia. Kila mchezo uliisha kwa namna moja: Inspekta na Sajini wanaketi mezani, Inspekta anakula huku anamtaja mwuaji, Sajini anabisha huku naye anakula. Watu walikipenda kile kipande kuliko mauaji yenyewe. Lakini chakula cha kweli chini ya zile taa kali kinakauka na kusinyaa. Wakatafuta mtu wa kukipamba. Nikamtaja mke wangu.

Kukipamba, ngoja niseme kulivyokuwa. Kuku anachomwa kidogo tu, ndani bado mbichi, ili asinywee. Halafu anapakwa dawa ya viatu ya kahawia kwa brashi, na juu yake mafuta ya nywele ili ang'ae. Mchuzi ulikuwa gundi iliyokorogwa na majani ya chai. Inzi wakija, anapuliziwa dawa ya wadudu. Jioni anatupwa. Hata paka wa pale walimpita mbali.

Upande wa kulia wa sahani mke wangu aliacha vipande safi vya kutafunwa. Kutafunwa tu, si kumezwa, maana walirudia na kurudia mpaka mkubwa wa mchezo aridhike, na hakuna tumbo la kubeba yote hayo. Kwa hiyo kamera ikigeukia kwa mwenzake, mtu anainama kama anaokota leso, anatema. Chini kule, nyuma ya kitambaa, yupo mke wangu na ndoo.

Mate. Nyama iliyosagwa na meno ya watu. Makohozi ya Sajini, aliyevuta sigara kama bomba la moshi. Akirudi nyumbani ananawa mikono, anakaa kidogo, anakwenda kunawa tena. Kuku hakumla mpaka anaingia kaburini.

Nilimwambia aache. Akasema, "Tukalale wapi?"

Kweli. Chumba tulichokaa kilikuwa cha kampuni, na alipewa yeye kwa sababu kazi yake ilianza alfajiri. Kazi ikiondoka, chumba kinaondoka. Na humo ndani mama yangu alikuwa amelala, mgonjwa, na mke wangu ndiye aliyemwogesha.

Sasa hao mabwana wawili. Inspekta tulimwita Tumbo. Sajini tulimwita Kijiti. Kwenye mchezo Tumbo ndiye mwenye akili, Kijiti ndiye bwege. Barabarani watu walimsalimia Tumbo kwa heshima, Kijiti wakamcheka usoni. Hilo lilimchoma. Basi ilikuwa vita kutwa.

"Umenitemea kwenye kiatu."

"Samahani, nilidhani ni ndoo. Vinanuka sawasawa."

"Shemeji, umemsikia?" Tumbo ananiambia mimi. "Huyu bila mimi angekuwa anauza karanga."

"Na wewe ungekuwa unazimaliza," anajibu Kijiti.

Watu wanacheka. Jioni hao hao wanaondoka pamoja, Kijiti amembebea Tumbo mkoba, bado wanatukanana mpaka getini. Sikuwaelewa. Niliona watu wazima wawili wenye midomo michafu, basi.

Basi siku moja nilikuwa nasukuma kabati, sikuona sahani ikiguswa. Nilichoona ni Tumbo anaketi, ametoka kupakwa poda, anachukua pande la kuku upande wa kulia kama kawaida, anauma. Macho yakamtoka. Mwenye akili angetema. Lakini mbele yake Kijiti alikuwa amekaza midomo, mabega yanamcheza kwa kicheko alichokizuia. Tumbo akamwona. Akatafuna. Akameza. Akachukua la pili, akameza na hilo, akamtaja mwuaji kwa sauti yake nzito, akafika mpaka neno la mwisho. Kwa ubishi tu.

"Safi sana!" mkubwa wa mchezo akapiga makofi.

Ndipo Tumbo akainama. Ndoo haikufua dafu. Yote yalimwagikia mke wangu kichwani, yakapenya kitambaa alichojifunga, yakashuka shingoni mpaka ndani ya gauni. Akatoka chini ya meza akitambaa, amefumba macho. Hakuna aliyemkimbilia. Walimkimbilia Inspekta. Nikamshika mkono, nikamwinua. Dawa ya viatu na nyongo. Ile harufu haijanitoka puani.

Mkubwa akafoka, "Nani aliweka sahani hii?"

"Mimi," mke wangu akasema. "Lakini safi niliiweka kulia."

"Kulia kuna nini? Tazama mwenyewe!"

Akafumbua jicho moja. Kulia kulikuwa kunang'aa kama kiatu cha askari.

"Ulitaka kuniulia mtu. Kusanya vitu vyako. Na chumba mkiache wazi leo hii hii."

Hakulia. Alisema tu, "Mama hawezi kutembea." Mkubwa akageuka kama aliyesikia mbu.

Nikamtazama Kijiti. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Pale pale nikajua ni yeye. Nikimtazama sikuona tofauti yake na kilichokuwa ndani ya ndoo.

Tumbo walikuwa wamemlaza kwenye kochi, ndoo kifuani. Akainua kichwa. "Mwacheni dada wa watu. Sahani nimeigeuza mwenyewe."

"Wewe? Kwa nini?"

"Utani. Nilitaka kumpata Kijiti, nikajichanganya." Akatapika kidogo, akajifuta. "Lakini wazo zuri, lazima mkubali. La akili sana. Kijiti asingelipata hata mngemfungia chumbani mwaka mzima."

Kijiti akainua uso. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Nani asingelipata?"

"Wewe."

"Wewe ambaye hata maneno ya mchezo unaandikiwa kwenye mkono wa shati! Nimelipata mimi! Nilingoja unapakwa poda, nikaizungusha taratibu, kwa kidole kimoja, hiki hapa!"

"Mwongo. Unataka sifa."

"Tazameni kidole!"

Akakiinua juu. Ncha yake ilikuwa ya kahawia, ya dawa ya viatu.

Tumbo akalala tena. "Haya, chukua. Ni lako."

Mke wangu, mpaka siku zake za mwisho kitandani, alishikilia kwamba Tumbo alimtega Kijiti ili akiri, kama alivyokuwa akiwatega watu kwenye mchezo. Mimi nasema hapana. Yalikuwa majivuno, mpumbavu mmoja na mpumbavu mwenzake. Tulibishana juu ya hilo tangu tukiwa vijana. Sasa nabisha peke yangu.

Kuwafukuza wale haikuwezekana, maana ndio mchezo wenyewe. Mkubwa akamwambia mke wangu, "Haya, kumbe si wewe. Nenda kanawe, tunarudia." Pole hakutoa.

Akaenda bombani. Akarudi nywele zinachuruzika, kitambaa mkononi, na ndoo mbili.

"Chini siingii tena," akasema.

"Na ndoo atashika nani?"

"Wenye midomo."

Moja akamwekea Kijiti katikati ya magoti. "Hii ya mwenzako." Nyingine akampa Tumbo. "Na wewe hii ya mwenzako." Chumba kilikuwa kimerudi sasa hivi tu, naye anakirusha hewani. Mkubwa akamtazama alivyolowa, akaashiria taa ziwashwe.

"Huyu atanimwagia," Tumbo akalalamika.

"Tema kwa adabu, nitashika kwa adabu," Kijiti akamjibu.

Mke wangu akavuta kiti kimoja katika vile nilivyobeba, akakaa kando yangu. Siku zote hizo chini ya meza, hakuwahi kuuona mchezo, na nyumbani hatukuwa na televisheni. Taa zikawaka. Tumbo, bado anayumba, akala, akamtaja mwuaji. Kijiti akabisha. Kamera ikigeuka, huyu anamtemea huyu, huyu anamtemea huyu, na kila mmoja anaisogeza ndoo imfikie mwenzake vizuri. Mke wangu akatazama mpaka mwisho.

"Ndio huu?" akaniuliza.

"Ndio huu."

"Watu wanakaa majumbani wanangoja huu?"

"Wanangoja."

Akasonya, akaendelea kukikamua kitambaa chake.