Ya Jana Nimekula Mwenyewe

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za muziki wa zamani huniita prodyuza. Jina zuri, lakini miaka ile ya hamsini pale Gisenyi kazi yangu haikuwa na jina. Ng'ambo ya mpaka, Goma, alikuwapo mfanyabiashara mgeni mwenye mashine ya kunasa sauti katika chumba cha nyuma ya duka lake, kuta zote zimetundikwa mablanketi. Mashine aliijua. Muziki hakuujua hata kidogo. Mimi ndiye niliyetafuta waimbaji, nikawanyooshea nyimbo, nikaamua gitaa liingie wapi, maana sahani ya santuri ilibeba dakika tatu tu, na mwimbaji asiyejua kumaliza alikatwa katikati ya neno.

Swali lao la pili huwa lile lile: mzee, nyimbo ulizitoa wapi? Zamani nilijibu kwamba zilikuja zenyewe. Uongo mtupu. Nilizitoa barabarani. Nilikuwa na masikio yenye tamaa. Fundi cherehani wa mtaa wetu alikanyaga mashine yake kwa mwendo wa kuchechemea kwa sababu mguu mmoja ulimuuma, na mwendo ule niliutia katika nyimbo mbili. Wapiga kasia niliwachukulia namna yao ya kuitikiana. Hakuna aliyelalamika, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza kama yuko mtu wa kulalamika.

Basi kulikuwa na mama mmoja aliyeuza samaki. Kila asubuhi alipanda kutoka ziwani na beseni kichwani, akapita mtaa wetu wa Nengo akiita: "Ya leo, ya leeeo! Ya jana nimekula mwenyewe!" Maneno hayo tu. Lakini sauti yake, jamani. Ile "leo" ya pili aliivuta, akaivunja kidogo, kisha akashuka taratibu mpaka "mwenyewe". Wanawake waliisikia wakiwa uani, wakatoka na mabakuli. Mimi niliisikia nikachukua gitaa.

Nilibadilisha kidogo. Samaki nikamtoa, nikamweka msichana. Nikampa kijana mwenye sauti laini aimbe, na kiitikio nikakiacha vile vile alivyokiita mama, neno kwa neno. Siku ya kunasa nilijua papo hapo kwamba tumepata. Miezi ikapita, masanduku ya sahani yakarudi kutoka Ulaya zilikochapwa, na wimbo ukashika pande zote mbili za mpaka. Kila baa yenye santuri iliupiga. Wapishi waliuimba jikoni, madobi waliuimba wakipiga pasi, watoto waliuimba wakienda kuteka maji. Nilitembea na kichwa kikubwa, sifichi.

Siku moja mchana mama yule akaja kwangu, akatua beseni mlangoni. Lilikuwa bado limejaa. Nilidhani amekuja kunipongeza.

"Baba, unirudishie mwito wangu," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia nimempa heshima, sauti yake imefika mpaka Bukavu.

"Mi siuzi samaki Bukavu. Nauzia hapa. Mbele nilikuwa naita, wamama wanatoka. Sasa naita, wanafikiri ni santuri, ao ni mulevi anaimba. Hakuna mutu anatoka. Sasa ya jana nakula kweli, mi na watoto, na ya juzi pia."

Hilo lilinichoma. Nikatazama lile beseni na nzi wake.

"Si we unatungaka?" akaendelea. "Unitungie ingine."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya saa moja, apite kesho.

Kesho yake nilimwimbia mwito wa vipande vitatu, gitaa likienda chini yake. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Bon, iko muzuri," akasema. "Lakini nikimaliza kuimba, nimeshapita nyumba tano."

Nikatunga mwingine mfupi, unaopanda juu mwishoni. Akajitwika beseni, akajaribu, likayumba, akalidaka kwa mikono miwili. "Huko juu siwezi kufika bila kuinua kidevu. Nikiinua kidevu, samaki iko chini." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwito wake wa zamani ulishuka. Mimi nilidhani ni huzuni, na hata kijana wangu nilimwagiza aimbe kwa huzuni. Kumbe ni beseni.

Siku kadhaa nilikaa na gitaa bila kitu. Kila kilichonijia kilikuwa na mwenyewe. Mwishowe ukaja mmoja, mwepesi, mfupi, wenye kushuka. Nikamwimbia nikitabasamu.

"Hii ni ya yule mama wa makaa," akasema. "Anapitaka Jumatano. Unataka na yeye akuje kulia hapa?"

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia mimi si mtumishi wake, nina kazi za maana. Aibu ndiyo iliyokuwa ikisema, si mimi, lakini maneno yalishatoka. Akabeba beseni lake, akasema "Sawa, baba," akaenda. Mke wangu alikuwa pembeni akichambua maharage.

"Kumbe wewe unajua kusikia tu," akasema, bila kuinua macho.

Nilivuka mpaka nikamwomba yule mfanyabiashara asiagize tena sahani za wimbo ule. Alinicheka usoni. Mama akawa anapita kimya, anabisha mlango mmoja mmoja, na mara nyingi jua la mchana lilimkuta hajafika nusu ya mtaa. Nilimwona akishuka tena ziwani na samaki wake. Nilijisikia vibaya, na sikufanya lolote.

Kisha asubuhi moja nikasikia mwito mpya ukitokea chini, upande wa ziwa. Nilikuwa barazani. Maneno sikuyapata, ila niliusikia unavyogeuka katikati na kushuka. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Milango ikafunguka huko chini, wanawake wakatoka, nikasikia wakicheka na kuchagua. Nikatulia, nikamsubiri afike karibu niushike vizuri.

Alipofika kwa jirani akanyamaza. Alipita mbele ya baraza yangu shingo imenyooka, beseni limepungua zaidi ya nusu. "Mwaramutse, baba," akanisalimia, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hakusimama. Mke wangu akachukua bakuli, akamfuata mbio. Mama alianza kuita tena alipofika kwa seremala, nyumba nne mbele, na kutoka pale nilipokaa sikuweza kushika hata neno moja.